Msafisha Dohani Aliyesema Hana Madai

Usiku joto lilishuka chini ya sifuri, na asubuhi hii paa la bati la nyumba iliyo kando ya ziwa Pielinen lina utando mwembamba wa barafu. Mervi Hyttinen anaukanyaga kwa ncha ya kiatu, anasubiri, anaukanyaga tena, kisha anapanda ngazi ya chuma iliyofungwa kwenye paa hadi kwenye dohani, lile bomba la matofali linalotoa moshi wa jiko.

Nguo zake ni nyeusi kuanzia kofia hadi viatu. Begani ana kamba iliyozungushwa, na mwisho wa kamba kuna brashi ya nyuzi za chuma na tufe zito. Analishusha tufe ndani ya bomba. Kamba inapita katika mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unaielekeza tu.

"Mervi! Kunateleza huko juu?" mwenye nyumba anapaza sauti kutoka uani, kikombe cha kahawa mkononi.

"Kidogo."

"Nije nikushikie ngazi?"

"Ukija nitakuwa na kazi mbili, kusafisha dohani na kukuokota wewe."

Mwenye nyumba anacheka na kubaki alipo. Juu ya paa, brashi inapanda na kushuka, na masizi yanaanguka ndani kwa sauti kama ya mchanga. Anapomaliza, Mervi anaivuta kamba yote kwa mkono wa kushoto, taratibu, huku akiubana wa kulia kwapani ili upate joto. Ndani ya mkono huo, kwenye kifundo, kuna bamba la chuma na skrubu zake. Baridi ikizidi, chuma hicho hujitambulisha.

Mervi ana miaka arobaini na saba. Alianza kazi hii mjini Nurmes, mashariki mwa Finland, na vijiji vyake akiwa na miaka ishirini na mitatu, na hajawahi kufanya nyingine. Ni kampuni ya mtu mmoja: yeye, gari dogo la mizigo, ngazi, brashi na mashine ya kufyonza masizi. Oktoba miaka miwili iliyopita kampuni hiyo ilikaribia kufa, na sehemu ya sababu ni neno moja alilowaambia polisi.

Jambo lenyewe lilitokea katika nyumba ya mteja wake wa zamani, ajuza ambaye makala haya yatamwita Aune. Si jina lake halisi, wala Raimo si jina halisi la mwanawe. Mama ndiye aliyeomba hivyo, ingawa Nurmes nzima inawajua.

Mervi alikuwa amesafisha dohani ya Aune kwa miaka ishirini. Alijua ngazi inasimama wapi bila kuzama kwenye udongo, na alijua kwamba haruhusiwi kuondoka bila kahawa na mkate mtamu wa iliki. Siku hiyo alipoingia darini alikuta ufa kwenye matofali, mpana kiasi cha kuingiza kidole. Ufa wa namna hiyo hupitisha cheche hadi kwenye mbao. Msafisha dohani akiona hatari kama hiyo, lazima amwambie mwenye nyumba asiwashe jiko hadi fundi wa matofali aje.

Alimwambia. Aune alielewa. Raimo, mwenye umri wa miaka hamsini na nne, aliyekuwa akiishi na mama yake na aliyekuwa amekunywa tangu jana yake, hakuelewa.

"Unataka mama yangu agande?" alimuuliza.

"Nataka asiungue," Mervi alijibu.

Raimo akachukua gogo kutoka kwenye kapu la kuni. Mervi aliinua mkono. Gogo lilitua mara mbili, na mfupa wa kifundo ukavunjika.

"Alilenga kichwa," anasema Mervi, kwa sauti ileile anayotumia kueleza hali ya masizi. "Mkono ulikuwa njiani tu."

Polisi wawili walimkuta hospitalini Joensuu akisubiri kupasuliwa. Walimuuliza maswali ya kawaida, na mwishoni wakauliza lile ambalo kila mhanga huulizwa nchini Finland: ana madai yoyote dhidi ya mtuhumiwa?

"Sina," alisema Mervi.

"Hakuna? Adhabu? Fidia?"

"Mwacheni alale, pombe imtoke."

Polisi waliandika hivyo na kumtakia usiku mwema. Mervi anasema hakuwa jasiri wala mkarimu wakati ule. Alijibu kama anavyojibu mtu yeyote anayemuuliza kama amechoka, kama ana njaa, au kama anahitaji msaada kushusha ngazi garini.

Kesi yenyewe haikuhitaji ruhusa yake. Shambulio la aina hiyo hushtakiwa na serikali, mhanga apende asipende. Fidia ni jambo jingine. Anayetaka kulipwa lazima aseme hivyo, na aseme ndani ya kesi.

Kwa mtu aliyeumizwa, pesa zinaweza kutoka sehemu chache. Ya kwanza ni mfukoni mwa aliyemuumiza, kwa amri ya mahakama. Mfuko wa Raimo ulikuwa mtupu, na kila mtu alijua. Ya pili ni bima ya mhanga mwenyewe. Mervi alikuwa ameiacha bima yake ya ajali ya hiari miaka mitatu kabla, wakati sheria ilipowaruhusu wateja kumchagua msafisha wanayemtaka na washindani wakaja kutoka mbali na bei za chini. Alipunguza gharama pale alipoona hapataonekana.

Ya tatu ni serikali. Finland ina sheria inayoiruhusu hazina kumlipa mhanga aliyeumizwa mwili, kisha yenyewe ikamfuata mkosaji kudai ilichotoa. Mhanga hapaswi kusubiri mkosaji apate kazi, wala kukutana naye kuhusu deni. Lakini kesi ikifika mahakamani na mhanga hakudai kitu humo, hazina nayo haina cha kulipa.

Kwa hiyo Mervi alibaki na njia moja, na alikuwa ameifunga mwenyewe akiwa kitandani.

Miezi iliyofuata ilikuwa na hesabu fupi. Kabla ya kuumia alikuwa akibakiwa na takriban euro 2,600 kwa mwezi baada ya gharama. Posho ya ugonjwa ilimpa chini ya 900. Gari lilikuwa la mkopo. Mshindani mmoja alianza kuweka vipeperushi kwenye masanduku ya barua ya vijiji alivyovihudumia, na Mervi hawalaumu wateja waliompigia mtu huyo. "Masizi hayamsubiri mtu apone," anasema.

Mumewe, Ilpo, ambaye ni dereva wa lori la maziwa, alipendekeza wauze gari.

"Nikamwambia sawa, uza," Mervi anakumbuka. "Akasema, ukisema sawa upesi hivyo najua unamaanisha hapana. Akalifunika turubai, akaliacha."

Simu iliyobadilisha mambo ilitoka kwa Hellevi Korpijaakko, mwanamke wa miaka sabini anayejitolea katika shirika la kuwasaidia wahanga wa uhalifu. Polisi walikuwa wamemuuliza Mervi kama shirika hilo linaweza kupewa namba yake, naye akakubali kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo.

Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo hayo kwa maneno yaleyale.

"Naambiwa huna madai," alianza Hellevi.

"Sina."

"Mkono unaendeleaje?"

"Unaendelea."

"Unaweza kukata mkate?"

Mervi aliutazama mkate uliokuwa mezani.

"Nani anakukatia?"

"Ilpo. Anakata vipande vinene kama kamusi."

"Basi madai unayo," akasema Hellevi. "Tutaanzia kwenye mkate."

Kabla ya kustaafu Hellevi alikuwa mkunga, na anasema ukunga ulimfundisha lugha ya eneo hili kuliko shule. "Mwanamke wa huku akiniambia anasikia maumivu kidogo, nilikuwa naenda kuvaa glavu," anasema. "Watu wetu hawasemi uongo. Waulize tu hali zao, hapo ndipo wanapoanza."

Kosa alilolifanya Mervi, anasema, ndilo analokutana nalo zaidi ya jingine lolote. Watu wa Karelia ya Kaskazini, mkoa huu, hukosa fidia si kwa kunyimwa, bali kwa kuitikia "haidhuru" mbele ya mtu mwenye kalamu. Bahati nzuri, aliyesema hana madai ya fidia akiwa hospitalini bado anaweza kumwambia mwendesha mashtaka kwamba sasa anayo, kesi ikiwa haijasikilizwa.

Mervi alikataa tena. Safari hii alikuwa na sababu, na hakumwambia Hellevi. Alimfikiria Aune, mwenye miaka themanini na moja, pensheni ndogo, na mwana asiye na kitu. Deni likimwangukia Raimo, aliwaza, litalipwa na bibi.

Mwezi Januari teksi ya halmashauri inayowabeba wazee ilisimama mbele ya nyumba ya Mervi. Aune alishuka akiwa na fimbo mkono mmoja na mfuko wa vipai, vile vimkate vilivyojazwa wali, mkono wa pili. Alivua viatu mlangoni, akaketi mezani, akamtazama Mervi ambaye mkono wake ulikuwa bado umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

"Nimesikia umesema huna madai."

"Bibi Aune, tunywe kahawa kwanza."

"Kahawa nitakunywa. Kwanza nijibu."

"Sitaki wachukue pensheni yako."

"Nani kakwambia watachukua pensheni yangu? Raimo ana miaka hamsini na nne. Hata sheria inajua nilishamaliza kumlea."

Ilpo, aliyekuwa akimimina kahawa, anasema alilazimika kugeukia dirisha ili asicheke.

"Unajua anasemaje?" Aune aliendelea. "Anasema, 'Mama, mbona hata Mervi mwenyewe amesema si kitu.' Anasema hivyo kila nikimkumbusha. Neno lako, binti, analitumia kama mto. Analalia."

Mervi alikuwa hajalifikiria hilo. Alidhani neno lake lilimkinga bibi. Kumbe mtu pekee liliyemkinga alikuwa aliyeshika gogo.

"Basi unataka nifanye nini?" aliuliza.

"Dai. Na usidai kama unayeomba sukari kwa jirani."

Aune alikula kipai kimoja, akanywa vikombe viwili vya kahawa, na kuondoka. Kesho yake Mervi alimpigia Hellevi, naye Hellevi akamuunganisha na mwendesha mashtaka, ambaye anaweza kuyapeleka madai ya mhanga mahakamani pamoja na mashtaka, bila mhanga kulipia wakili. Waliomba fidia ya mapato yaliyopotea, ya maumivu, na ya ulemavu mdogo uliobaki mkononi baada ya matibabu.

Lililobaki lilikuwa kumfundisha Mervi kuongea.

Mazoezi yalifanyika jikoni kwake. Hellevi alikuwa mwendesha mashtaka, Ilpo alikuwa hakimu. Sharti lilikuwa moja: neno "kidogo" limepigwa marufuku.

"Maumivu yako yakoje?" Hellevi aliuliza.

"Yapo."

"Yapo vipi?"

"Yapo kwa wastani."

"Mheshimiwa hakimu," Hellevi alimgeukia Ilpo, "shahidi huyu ni wako?"

"Kwa miaka ishirini na miwili," alisema Ilpo. "Alipojifungua mtoto wetu wa kwanza alimwambia nesi kwamba tumbo halijatulia."

Walirudia jioni kadhaa. Mervi alijifunza sentensi nzuri, zenye ukweli, na alizisema vizuri mbele ya sinki.

Kesi ilisikilizwa Joensuu mwezi Juni. Wakati huo Mervi alikuwa amerudi kazini kwa mwezi mmoja, kwa nusu ya kazi. Raimo aliketi upande wa pili wa chumba akiwa na koti safi na nywele zilizokatwa. Hakukana kumpiga. Mtetezi wake alijenga hoja juu ya jambo jingine: kwamba madhara yalikuwa madogo kuliko yalivyoelezwa.

"Ni kweli kwamba siku ileile uliwaambia polisi huna madai yoyote?" alimuuliza Mervi.

"Ni kweli."

"Je, leo maumivu yako yakoje?"

Mervi alifungua kinywa, na sentensi zote za jikoni zikatoweka.

"Yanauma kidogo," alisema.

Hellevi, aliyekuwa ameketi nyuma yake, anasema alifumba macho. Mtetezi alishukuru na kuketi. Kwa ushahidi huo, fidia ya maumivu na ya ulemavu ilikuwa ikiyeyuka mbele ya watu wote, na pamoja nayo gari la mkopo na kampuni.

Mwendesha mashtaka, mwanamke kijana aliyelelewa kusini, alizitazama karatasi zake. Kisha hakuuliza tena juu ya maumivu. Aliuliza juu ya kazi.

"Ulikuwa unasafisha nyumba ngapi kwa siku?"

"Sita. Saba zikiwa karibu karibu."

"Na sasa?"

"Tatu."

"Kwa nini tatu?"

Hapo Mervi alianza kueleza, na aliendelea kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuongea mbele ya watu. Alieleza kwamba tufe na brashi lazima vivutwe juu tena na tena, na kwamba mkono wa kulia huvuta mara kadhaa halafu vidole vinalala na kamba inaponyoka. Kamba ikiponyoka, tufe linaweza kuvunja sakafu ya jiko chini. Kwa hiyo sasa anavuta kwa kushoto, polepole, na bega la kushoto limeanza kulalamika. Alieleza kwamba paa lenye mteremko mkali humtaka mtu aning'inie kwa mkono mmoja wakati wa kuhama kutoka ngazi moja hadi nyingine, na kwamba hajui tena kama wa kulia utamshika. Alitaja vijiji alivyoacha kwenda kwa sababu hiyo. Alitaja nyumba ambazo alijua dohani zake tangu zijengwe, na ambazo sasa zinasafishwa na mtu asiyejua mahali zinapovuja.

"Umewahi kuteleza tangu urudi?" mwendesha mashtaka aliuliza.

"Mara moja. Nilishika kwa kulia. Haukushika."

"Ikawaje?"

"Kulikuwa na theluji chini."

Hakimu, mwanamume wa makamo mwenye lafudhi ya Lieksa, mji jirani na Nurmes, aliacha kuandika.

"Hilo ndilo ulilolieleza sasa hivi kwa neno 'kidogo'?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi niliandike kwa kirefu," alisema hakimu, na akaandika.

Mtetezi wa Raimo alirudi kwenye jibu la hospitalini. Kama mambo yalikuwa mazito hivyo, kwa nini mhanga alisema hana madai?

"Kwa sababu niliulizwa na watu wageni," alijibu Mervi. "Na kwa sababu nilidhani namhurumia mtu. Nilikosea. Sasa nimeyaleta madai, na yote ni ya kweli. Mkono huo hapo, mnaweza kuutazama."

Raimo aliulizwa kama ana la kusema. "Sikujua kwamba haushiki," alisema.

Mahakama ilimpa kifungo cha nje na kumwamuru alipe zaidi ya euro 11,000, sehemu kubwa ikiwa ya mapato yaliyopotea. Hakuwa nazo, kama ilivyotarajiwa. Mervi aliomba kwa serikali, akaambatanisha hukumu na maelezo ya daktari, na mwezi Februari hazina ikamlipa, ikiwa imekata posho aliyokwisha kupokea na kiasi kidogo ambacho kila mhanga hubeba mwenyewe.

"Ilikuwa siku ya Jumanne," anasema. "Nilikuwa darini kwa mtu, simu ikalia, Ilpo akasema zimeingia. Nikamwambia vizuri. Akasema, vizuri tu? Nikasema, vizuri sana, na nakupigia baadaye, nimeshika taa kwa meno."

Fidia hiyo haikumtajirisha. Ilimaliza sehemu iliyobaki ya mkopo wa gari, ikalipia miezi ya mazoezi ya mkono, na ikamrudishia bima ya ajali. Daktari alisema uwezo wa mkono hautarudi wote. Leo Mervi anasafisha nyumba tano kwa siku, na baadhi ya wateja waliokuwa wameondoka wamerudi wenyewe. Mmoja alimpigia kumwambia kwamba mshindani alikuwa na bei nzuri lakini hakujua mahali pa kuweka ngazi.

Nurmes ni mji mdogo, na watu wawili hawawezi kukwepana kwa muda mrefu. Aune amehamia kwenye nyumba za wazee mjini, ambako joto linatoka ukutani na hakuna dohani. Raimo amebaki katika nyumba ya zamani. Matofali yametengenezwa. Mervi haendi huko. Anayekwenda ni mshindani wake, na Mervi anasema hilo ni sahihi.

Lakini dukani wanakutana. Majira ya joto yaliyopita walijikuta kwenye foleni moja, Raimo mbele akiwa na maziwa na soseji, Mervi nyuma. Raimo aligeuka.

"Nimelipa ya mwezi huu," alisema.

"Hunilipi mimi. Unailipa serikali."

"Najua. Nilitaka tu ujue kwamba nalipa."

"Sawa."

"Bado miaka kama kumi."

"Usife kabla."

Muuzaji alicheka. Raimo naye alicheka, kwa hofu kidogo, akachukua soseji zake akatoka. Mervi anasema hakuna urafiki kati yao wala hautarajiwi. Kama deni lingekuwa lake moja kwa moja, anaamini, asingeweza kusimama kwenye foleni ile. Angekuwa anahesabu soseji.

Hellevi sasa humwomba Mervi aje kuzungumza na wahanga wengine wanaosita. Mervi amekubali mara mbili. Njia yake ni kuwauliza kazi zao, kisha kuwauliza ni ipi kati ya hizo hawaiwezi tena. Mvuvi mmoja alimwambia hana shida yoyote, ila hawezi kufunga fundo. Mervi alimwambia arudie sentensi hiyo mbele ya hakimu, na aanzie kwenye fundo.

Akiwa sasa ameketi kwenye ubao wa nyuma wa gari lake, akinywa kahawa ya mwenye nyumba huku masizi yakiwa bado usoni, anaeleza mipango ya mwaka ujao. Amenunua fimbo za kisasa zinazozungushwa kwa mashine ya betri, ambazo husafisha dohani kutokea chini kwa nyumba ambazo hawezi kupanda paa zake. Atachukua tena vijiji viwili vya ng'ambo ya ziwa alivyoviacha.

Na kuna nyumba ya zamani ya kasisi, kubwa, yenye dohani nne na paa la mbao lenye mteremko kama ukuta. Kabla ya kuumia aliisafisha kila mwaka kwa bei aliyokuwa akiona aibu kuipandisha. Wiki iliyopita karani wa parokia alimpigia kuuliza kama mkono umepona vya kutosha.

"Nilimwambia haujapona wote," anasema Mervi. "Nikamwambia naweza mwezi wa nne, nitakuja na mtu wa kunishikia kamba ya usalama, na huyo mtu naye analipwa. Nikamtajia bei."

Anamwaga tope la kahawa kwenye nyasi zenye barafu na kusimama.

"Alinyamaza kwenye simu. Zamani ukimya kama ule ningeujaza kwa punguzo. Safari hii nikauacha. Ulikuwa mrefu, nakwambia. Halafu akasema, 'Basi tarehe ngapi?'"